Kigoda cha Baba na Mafuta ya Mbarika

Sogea nikueleze, wewe unayeshika brashi ya vanishi kwa mara ya kwanza. Kazi yenyewe si ngumu, na mkono wako utaizoea. Mimi ilinishinda mara moja, nayo ilikuwa kwenye kigoda cha baba yangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa nimejifunza useremala misheni, nikawa na kibanda changu cha kazi Mosocho. Baba alikuwa nyumbani upande wa Nyamira, miguu imevimba, hatoki tena nje. Jumatatu moja aliniita. Alitaka kutugawia mashamba, mimi na kaka yangu, mbele ya wazee wa kanisa, Sabato alasiri.

"Maneno hayo siyasemi nikiwa nimelala kama mgonjwa," alisema. "Nitayasema nimeketi kwenye kigoda changu."

"Lakini Tata, wewe ni mgonjwa kweli," kaka akamwambia.

"Basi lala wewe kwa niaba yangu."

Kigoda hicho cha miguu mitatu alikirithi kwa babu. Kila baada ya mavuno alikisugua mafuta kwa kiganja, mpaka kikawa cheusi. Niliomba nikitie vanishi, king'ae mbele ya wageni. Akakubali. Mama alinishika mkono mlangoni.

"Kirudi kabla ya Sabato," alisema. "Usimwachie baba yako kitanda tu."

Kule misheni tulipaka mbao mafuta ya kitani, tukayangoja yakauke siku nyingi, ndipo vanishi ikashika juu yake. Mafuta ni mafuta, nilijiambia, na haya yamekaa miaka. Jumanne nikapitisha msasa kidogo, nikapaka vanishi. Jumatano ilinata. Alhamisi ilinata, nikailaumu mvua. Ijumaa alfajiri nilibonyeza kidole gumba, na alama ikabaki pale kama kwenye matope.

Nilikibeba hivyo hivyo, pamoja na chupa ya tapentaini, nikafika nyumbani saa nane mchana. Baba alikigusa, akanusa vidole vyake.

"Umekipaka asali, fundi? Nzi watakikalia kabla yangu."

"Tata, silijui kosa langu."

"Nilikuwa nakipaka mafuta gani?"

Nilikinusa kigoda, nisiyatambue.

"Ya mbarika, mwanangu. Ndiyo hayo mama yako ananipaka miguuni, na kesho yake shuka bado limeloa. Yatakauka lini? Hukuniuliza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Jua likizama Ijumaa, nyumbani kwetu hakuna anayeshika kazi. Nilikaa uani na kitambaa chenye tapentaini na kipande cha kioo, nikaanza kukwangua. Vanishi ilijiviringisha kama ukoko wa ugali. Kaka alikuja akashika miguu ya kigoda kisitikisike, wala hakunicheka. Weusi wa miaka mingi ulitoka kwa mabaka. Tulimaliza jua likigusa kilima.

Kesho yake tulimbeba baba, tukamketisha. Kigoda kilikuwa kikavu, chenye madoa, hakina mng'ao wowote. Alikipapasa pembeni.

"Kimekonda kama mimi," alisema. Wazee wakacheka kidogo. Akataja mipaka kwa sauti ndogo, mti kwa mti, kijito kwa kijito, akiwa ameketi wima mpaka neno la mwisho. Hakurudi kukikalia tena. Tulimzika kabla ya mwezi kwisha.

Kwa hiyo ukiletewa mti uliopakwa mafuta, muulize kwanza mwenyewe ni mafuta gani. Kama ni ya kitani, yaache yakauke wiki mbili au tatu, na msimu wa mvua zaidi ya hapo. Kisha usugue kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka safi, pitisha msasa laini, futa vumbi, paka vanishi nyembamba, uiache ikauke ndipo upake ya pili. Kama ni ya mbarika, usipake vanishi: ufute mti kwa kitambaa kikavu na umrudishie mwenyewe.