Bega la Ngoma

Gwantwa Kibona alizikwa Iyula mwezi wa Julai, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka pale waliposikika watu wakisema kwamba kisu ndicho kilichomuua. Kisu hicho kilipita begani mwake miaka minne nyuma. Kama kisu huua kwa mwendo huo, basi kobe ana mbio. Gwantwa alikufa kwa kiharusi, asubuhi, mikono yake ikinata utelezi wa kahawa aliyokuwa anaimenya. Mungu alimpa siku zake na Mungu akazichukua, hilo halina kesi. Habari ya kisu ndiyo yenye kesi, na isemwe ilivyokuwa.

Alizaliwa milimani Ileje, akaolewa Iyula na Hezron Nzowa, aliyekuwa mbeba ngoma kubwa katika kikundi cha matarumbeta cha kanisa. Hezron alipofariki, ngoma ilikaa chumba cha nyuma cha kanisa ikipigwa na vumbi. Wanaume walisema ni nzito. Jumamosi moja ya mazoezi Gwantwa akaingia, akautupa mkanda wake begani, akatoka nayo.

"Kuni nabeba, maji nabeba, mbolea nabeba," alisema. "Leo ngoma ndiyo imekuwa nzito?"

Tangu siku hiyo ngoma ikawa yake.

Mwaka uliofuata alianza kuchoka hovyo, na ubavu wa kushoto ukavimba. Vipimo vikasema kansa ya damu. Kijijini wakampa umri wa hadi mavuno. Yeye akapewa kidonge kimoja kwa siku, cha kumeza baada ya kula, kwa kikombe kikubwa cha maji, na safari ya basi kila miezi mitatu kwenda kwa daktari wa damu. Akachagua kukimeza saa saba mchana. Kidonge kilimvimbisha macho na kumkaza misuli ya miguu, lakini mavuno yalikuja yakapita, na mengine, na mengine, mara sita. Watu wakimwangalia macho kwa huruma alikuwa anawaambia, "Silii. Ni dawa tu. Nikilia mtasikia."

Uvimbe ulitokea bega la kulia, palepale mkanda unapopita. Ulianza kama kunde, ukawa kama yai. Daktari wake wa damu aliubonyeza akasema ni mafuta, si kansa, unatolewa kwa ganzi na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Gwantwa aliuvumilia mpaka Kwaresima ilipoanza, siku alipovaa ngoma akashindwa kufika hata getini. Na Pasaka ilikuwa inakuja. Alfajiri ya Pasaka matarumbeta huamsha kijiji kizima, kisha huenda makaburini kulitangaza jua na ufufuo kwa pamoja, na pigo la kwanza hutoka kwenye ngoma kubwa. Tangu aichukue ngoma, pigo hilo alilipiga yeye, hatua tatu kutoka alipolala Hezron. Hakuwa tayari kulikosa.

Aliposema anakwenda kuchanwa, ukoo ukaitana. Shemeji yake Amoni, mzee wa kanisa, ndiye aliyeanza.

"Mama Nesta, kansa haiguswi na kisu. Ikiguswa inakasirika, inatawanyika."

"Shemeji, haya ni mafuta."

"Damu yako ni moja. Inazunguka humo humo."

"Na yako ni mbili? Jino lako liling'olewa Mlowo, jioni ukala ugali na mfupa."

Watu wakacheka. Amoni akajikohoza. "Basi angalau acha hivyo vidonge wiki mbili. Damu ipate nguvu kabla ya kisu."

"Nikiacha vidonge, hicho kisu kitanikuta wapi? Omba, shemeji. Kuomba unajua. Vidonge niachie mimi."

Alikwenda kwanza kituo cha jirani, akaeleza kila kitu kama anayeungama. Mhudumu aliposikia kansa ya damu alilirudisha mezani daftari lake la matibabu kwa ncha za vidole, kama kitu kilichomwagikiwa. "Mama, mgonjwa wa namna yako hapa hatumgusi." Hakumpa barua, hakumwambia aende wapi. Gwantwa akarudi nyumbani kwa miguu, bega linawaka, moyo unawaka zaidi.

Wiki iliyofuata alipanda gari kwenda Tunduma, ambako binti yake Nesta anauza mchele karibu na mpaka. Nesta alikuwa anaijua zahanati moja ya binafsi nyuma ya maegesho ya malori. Njiani Gwantwa akamkamata mkono.

"Leo mimi siumwi kitu zaidi ya hili bega. Ukifungua mdomo nakuacha hapahapa Tunduma."

"Mama, mimi ndiye ninayekaa Tunduma."

"Nakuacha vilevile."

Tabibu alikuwa kijana wa Tanga, Idrisa, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliuangalia uvimbe, akaridhika, akaanza kuandika.

"Una ugonjwa wowote wa muda mrefu, mama?"

"Uzee."

"Dawa yoyote unayotumia kila siku?"

"Chumvi."

Idrisa akacheka, akaandika kwamba hakuna. Gwantwa akaelekezwa kitanda. Kisha umeme ukakatika kabla ya vifaa kuchemshwa, wakaambiwa wasubiri. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, nje malori yakipigiana honi. Gwantwa aliitazama saa ya ukutani ikijongea, akageuza uso, akaitazama tena. Kumeza palepale ni kujifichua. Kutomeza ni kufanya alichokataa mbele ya ukoo mzima, na katika miaka sita hakuwa amekosa hata siku moja, hata siku ya msiba wa mama yake. Saa saba ilipofika akafungua kikapu, akala viazi viwili, akatoa kidonge akakimeza na kikombe kizima cha maji.

Nesi Shamimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hiyo ni dawa gani?"

"Chumvi," alisema Nesta kwa sauti ndogo, akatamani ardhi ipasuke.

Idrisa alipokuja alikuwa ameshika pakiti ya vidonge, na upole umemtoka. "Umenidanganya. Ningekuchana, damu ikagoma kuganda, hapa ningefanya nini? Ungekufa mikononi mwangu, mama."

Gwantwa akaketi wima kitandani. "Wiki iliyopita nilisema kweli, nikafukuzwa. Leo nimesema uongo, nikapewa kitanda. Sasa niambie wewe, mwanangu, ni nani aliyenifundisha uongo?"

Tabibu aliigeuzageuza pakiti, akavuta kiti akakaa.

"Una namba ya daktari wako?"

Alizungumza naye kwa simu muda mrefu, akiandika. Alipomaliza alisema, "Sikufukuzi. Ila leo sikuchani. Kwanza tunapima damu yote, tuone chembe za kugandisha zinatosha. Zikitosha, nakuchana. Na kidonge usiache hata siku moja, daktari wako amesisitiza."

"Hilo nililisema mimi kabla yenu," Gwantwa akamjibu. Lakini alipofika kwa Nesta alipiga magoti, akatubu ule uongo. Alijua kijana alikuwa na haki ya kuogopa.

Majibu yalitoka mazuri. Siku ya kuchanwa alipigwa ganzi, akaimba kimoyomoyo, na kazi ikaisha ndani ya nusu saa. Akaomba aonyeshwe. "Kumbe ni mafuta kama ya ng'ombe," alisema. Wakamgandamiza kidonda muda mrefu kuliko wengine, wakamweka mpaka jioni, na saa saba alimeza kidonge chake hadharani, Shamimu akimshikia kikombe.

"Ndaga," alimshukuru, kama wanavyoshukuru kwao Ileje.

Kisha Idrisa akasema, "Usibebe mzigo begani, wiki sita. Kidonda chako tunakipa muda zaidi."

"Pasaka ni wiki tatu."

"Sita, mama."

"Bega ni langu."

"Bega ni lako. Mshono ni wangu."

Alfajiri ya Pasaka kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Wapiga tarumbeta walikusanyika mlangoni mwa kanisa wakipuliza viganja. Amoni alikuwepo, suti nyeusi, tai imekaa sawa. Alimwona shemeji yake anakuja na nyundo ya ngoma mkononi, akasogea kumzuia.

"Mama Nesta, umeambiwa usibebe. Mwaka huu ngoma ibaki ndani. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa. Mimi sielewi." Akawaambia vijana waitoe. Kisha akauchukua mkanda kwa mkono wa kushoto, akauvisha juu ya tai ya Amoni.

"Wewe kisu hakijakugusa, shemeji. Bega zima hilo. Beba."

"Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Ndiyo maana nimekuchagua."

Mmoja akacheka, wakacheka wote, na mchungaji akainama kuangalia viatu vyake. Amoni alitazama huku na huku, hakuona wa kumtetea. Akainyanyua.

Wakashuka na njia ya mashamba ya kahawa, Amoni mbele na ngoma tumboni, Gwantwa ubavuni kwake, mkono wa kulia umetulia kifuani, wa kushoto umeshika nyundo. Makaburini wakasimama hatua tatu kutoka kwa Hezron. Anga upande wa mashariki ilikuwa inaanza kupauka. Gwantwa akapiga, na ndege wakaruka kwenye miti yote.

"Polepole, Mama Nesta," Amoni akanong'ona. "Utaniua."

"Kaza mkanda, shemeji," alisema Gwantwa, akainua mkono tena.