Kibaraza cha Mama Kule Titye

Samadi mbichi ya ng'ombe ikikandwa pamoja na majivu na udongo wa bondeni hutoa harufu ambayo mgeni huikunjia pua na mwenyeji haisikii kabisa. Mimi ningali naisikia. Ni harufu ya kiangazi cha mwaka 2013 kule Titye, wilayani Kasulu, maharage yalipokwisha kupigwa na kila mama kijijini akawa anakandika kuta kabla mvua hazijarudi. Wengine walikandika wakaenda zao. Mama yangu hakuwa mtu wa kukandika na kwenda zake. Aliamua kwamba mwaka ule mlango wetu utapendeza, na mama akishaamua jambo, baba hujitafutia shughuli shambani.

Kwanza alijenga benchi la udongo lililoshikana na ukuta, ili mgeni aketi bila kutafutiwa kiti. Juu yake akapigilia vigingi vya kutundikia majembe, kapu na koti la mvua. Mbele ya kizingiti akalaza jiwe bapa la kukwangulia tope, maana udongo wetu mwekundu ukishika mguu unaingia nao mpaka kitandani. Penye kivuli akaweka mtungi wa maji na kata yake. Ndipo akaanza kuchora. Kwa weupe alitumia udongo wa bondeni, kwa weusi masizi ya vyungu yaliyochanganywa na utomvu, akavuta kwa kidole mistari ya pembe, mmoja ndani ya mwingine, kutoka chini hadi karibu na paa, bila rula. Majirani walisimama njiani kutazama. Bibi, mama yake baba, ambaye tangu harusi hakuwahi kumsifu mkwewe kwa lolote, alitazama pia, akasema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Mama akacheka, akaendelea.

Michoro ile alifundishwa na mama yake, aliyeitoa Burundi walipokimbia vita, mama yangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alikulia kwetu, akaolewa kwetu, Kiha chake hakina kasoro, lakini karatasi hakuwa nayo hata moja. Kwa miaka mingi hakuna aliyeiuliza. Kiangazi kile redio ikaanza kusema kwamba wageni wasio na vibali waondoke. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tulisikia watu wamepakiwa kwenye malori katika kijiji cha mbali, kisha katika kijiji cha jirani, na watu sokoni wakaanza kusalimiana kwa sauti ndogo. Jioni moja mwenyekiti wa kitongoji alipita kwetu, akaketi kwenye benchi jipya, akanywa maji, akamwambia baba, "Baba Zawadi, ukuta huu unaongea Kirundi." Baba alimsihi mama aukwangue. Mama akajibu kwamba ukuta uliokwanguliwa leo utaulizwa maswali mengi kuliko uliochorwa juzi. Aliyasema kwa utulivu, na utulivu huo niliuchukia.

Walikuja mchana, askari na mgambo, wakiongozwa na bwana mmoja wa ofisini mwenye lafudhi ya pwani na viatu safi. Baba alikuwa shambani, mimi na bibi tumeketi mlangoni. Mama alikuwa ndani, amejibanza nyuma ya magunia. Yule bwana aliketi kwenye benchi, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Shikamoo, bibi. Kazi nzuri hii. Nani kachora?"

"Marahaba. Ni mimi," bibi akasema.

"Basi hebu tuongezee kidogo hapa, tuone."

Kando ya mlango palikuwa na pembe moja haijamalizika, na kigae cha masizi kilikuwa pale pale. Bibi alijiinua, akachovya kidole, akavuta mstari. Ulipinda kama njia ya mbuzi. Yule bwana alicheka kidogo, akasema macho ya wazee ndivyo yalivyo, akawaambia wenzake waendelee mbele. Kesho wangerudi kuwaona waliokuwa mashambani. Sijawahi kumpenda bibi kama nilivyompenda saa ile.

Mama alitoka. Alimshika bibi mikono yote miwili, na bibi akajifanya anakohoa. Kisha mama akauona ule mstari. Fundi wa kweli ana ugonjwa wake. Nilimwona akipita na ndoo, akiutazama, kisha akipita tena bila ndoo. Kabla ya magharibi alikuwa ameulowesha, ameufuta na kuuvuta upya, umenyooka, na pembe imekamilika. Nadhani mkono wake ulifanya kazi wakati moyo uko kwenye lori. Baba alirudi, tukala hapo hapo mlangoni, na hakuna aliyeona ubaya wowote, kwa sababu macho yetu yalikuwa yamezoea kuuona ukuta ule ukiwa sawa.

Asubuhi walirudi. Safari hii yule bwana hakuketi. Alisimama mbele ya ile pembe, akaigusa, akamgeukia bibi na kuuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "Bibi, macho yamepona?"

Mama akatoka ndani mwenyewe, akakaza kanga yake, akasema, "Mwacheni mama yangu. Mchoraji ni mimi." Baba aliwasihi, kisha akalikimbilia lori lililompeleka mama Burundi mpaka likapotelea vumbini. Mvua za kwanza ziliukuta ukuta hauna wa kuukandika, na bibi akakaa akitazama weupe ukitiririka chini.

Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalimrudisha mama upande huu, miongoni mwa waliokimbia, akawekwa kambi ya Nduta kule Kibondo. Tulimkuta kwenye hema, mlango wake turubai la kufunga kwa kamba. Nilikuwa nimembebea udongo mweupe wa bondeni. Akanirudishia. "Peleka nyumbani, mwanangu. Hapa sina ukuta."

Siku hizi ninaishi Kasulu mjini. Mlangoni kwangu pana vigae, kabati la viatu, kioo, na ndoano za miavuli, na wageni wanapasifu. Kuta ni nyeupe tupu. Fundi rangi aliponiuliza kama napenda nakshi kidogo, nilimkatalia kwa ukali asiostahili. Mlango wa mama ulimpa kiti hata aliyekuja kumchukua, wangu una geti la chuma, nami huuliza "Nani?" kabla sijafungua. Mama angali Nduta. Sasa ana karatasi, ya kwanza maishani mwake, yenye picha na jina lake, na inasema yeye ni mgeni.