Kiwanja, Nilipomlilia Mama

Harufu ya kwanza niliyoizoea Goma ilikuwa ya mawe. Mvua iliponyesha juu ya yale mawe meusi ya volkano, kisha jua likachomoza ghafla, ulipanda mvuke wenye harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, ukaingia bwenini na kukaa kwenye mablanketi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilitoka Butembo, mji wa udongo mwekundu, ukungu na mikaratusi, ambako hata nyuma ya choo mtu hupanda mboga za lengalenga zikaota. Hapa niliona kuta za mawe, njia za mawe na vumbi jeusi lililobaki kwenye leso kila nilipopenga. Baba, aliyeuza vitenge sokoni, ndiye aliyetaka nisome Goma. Alisema huko nitakutana na watu wa kila upande na kufunguka macho. Mama alinifungia tu unga wa muhogo ndani ya kitambaa, kana kwamba nilikuwa naenda nchi isiyo na chakula.

Wasichana wa bweni walikisikia Kiswahili changu siku ya kwanza, wakacheka. “Kujeni musikie mutu wa Grand-Nord!” waliitana, maana ndivyo Goma wanavyowaita watu wa upande wetu wa jimbo. Nikajifunza kunyamaza. Kilichonitisha zaidi, lakini, ni Kinyarwanda. Nyumbani niliisikia lugha hiyo ikitajwa kwenye matanga, kwa sauti ya chini, kama lugha ya waliotuletea vita. Na msichana aliyepewa kitanda kando ya changu, Chantal kutoka Kiwanja, alikuwa akiomba sala zake kwa lugha hiyohiyo. Naye alikuwa amesikia ya kwetu: kwamba sisi Wanande, watu wa Butembo, tunapendana sisi kwa sisi tu na hatumwamini mtu. Basi tulikunja mablanketi yetu kila asubuhi bila kutazamana.

Maji ndiyo yaliyotukutanisha. Bomba la shule lilipokauka tulitumwa ziwani na mabidoni, yale madumu ya maji, na mimi, niliyezoea kupanda njia za udongo, niliteleza juu ya mawe nikapasuka goti. Wenzangu walicheka wakapita. Chantal alitua bidoni lake, akabeba langu mpaka mbele kidogo, akarudi kuchukua lake, akafanya hivyo hadi shuleni. “Hapa usitembee kama kwenye udongo,” aliniambia. “Angalia jiwe kwanza, kisha weka muguu.” Kuanzia siku hiyo tulikula sahani moja. Nilimsongea bugali wa ule unga wa mama, akaukunjia uso, akaumaliza.

Muhula wa pili baba alipiga simu kwa sista mkuu wa bweni: mama ni mgonjwa sana, ananiulizia. Njia ya kwenda Butembo ilipita Rutshuru na Kiwanja, na wakati ule watu wenye silaha walikuwa wameikatakata. Sista alikataa niende peke yangu. Chantal akasema, “Nitamupeleka mpaka kwetu. Kutoka pale tutatafuta pikipiki.”

Tulipanda lori lililokuwa likienda Kiwanja kuchukua kabichi. Chantal alinifunga kitenge kichwani kwa mtindo wa kwao, akaninong’oneza, “Usifungue kinywa. Ukisema tu, watajua wewe ni Munande.” Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye bunduki alinitazama akaniuliza jambo kwa Kinyarwanda. Sikuelewa hata neno. Chantal akamjibu haraka, huku akinigusa shavu, na mimi nikalishika shavu langu, nikajikunja. Baadaye alinieleza kwamba alimwambia mimi ni binamu yake na jino linanitesa. Yule kijana alinionea huruma kweli. Alisema nisugue karafuu.

Mama yake Chantal alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, mwenye viganja vigumu. Alitupokea mlangoni akanishika mikono yote miwili. Lakini waendesha pikipiki wote walitikisa vichwa: huko mbele, karibu na Kanyabayonga, watu walikuwa wakipigana, na hakuna aliyekuwa akipita. Nikamwambia Chantal twende wawili kwa miguu. “Kavira, huko mbele ni wewe utaweza kusema. Miye ndiye nitafunga kinywa,” alisema. “Na hawataamini jino.”

Tukangoja. Kila asubuhi nilisimama kando ya barabara kutazama kama kuna gari linalotoka kaskazini. Baba alipopiga simu tena, sauti yake ilikuwa imekauka. “Usikuje tena, mutoto wangu. Tumemuzika mama yako leo.”

Sijui nililia vipi. Ninachokumbuka ni mama yake Chantal akizima moto wa jikoni, akitandika mkeka, akiniketisha katikati ya miguu yake kama mtoto mdogo. “Ihangane,” alirudia, “ihangane, mwana wanjye,” vumilia, mwanangu, na mara ile sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Majirani wakaja. Wanawake ambao hawakumjua mama, ambao hawakujua hata jina lake, walikaa nami mkekani wakamlilia kwa lugha niliyofundishwa kuiogopa.

Matanga yangu hayakufika siku ya pili. Jirani mmoja alikuja kusema kwamba vijana wamesimama nje, wanauliza kwa nini nyumba hii inaficha Mnande, anapeleleza nini. Mama yake Chantal aliwatolea maneno makali nje ya uzio, lakini aliporudi ndani alianza kufunga vitu vyangu. Siku hiyo kulikuwa na lori la kabichi linalorudi Goma. Chantal alibaki amsaidie mama yake kuvuna maharagwe kabla vita havijasogea. Alinifunga tena kile kitenge. “Juma lijalo niko nawe,” alisema.

Hakurudi. Vita vilifika Kiwanja, simu yake ikazima, na siku moja ilipoita tena, mwanamume nisiyemjua akapokea, akasema ameinunua sokoni. Kitanda chake alipewa msichana kutoka Masisi. Nimewauliza watu wa Kiwanja waliokimbilia Goma, kambi baada ya kambi. Mmoja alisema familia ile ilivuka kwenda Uganda. Mwingine alisema mengine, nami sikumwomba aendelee.

Leo mimi ni mwalimu hapahapa Goma. Kaburi la mama nimeliona katika picha tu. Kila ninapopanga safari, njia imefungwa au ndiyo kwanza inafungwa. Wanafunzi wapya bado wanakuja, kutoka Butembo, kutoka Rutshuru, kutoka Masisi, na siku ya kwanza wanakaa kwa lugha zao, kila kundi na kona yake. Miaka yote nilikuwa nikiwainua na kuwachanganya, huyu wa huku na yule wa kule dawati moja, nikiwaambia watakuja kunishukuru. Mwaka huu niliingia darasani, nikawaona wamekaa vile, nikasimama mbele yao na chaki mkononi, nikamkumbuka Chantal, na ile ahadi kwamba watanishukuru ikanishinda kuisema. Msichana mmoja akauliza, “Madame, tubadilishe fasi?” Nikamwambia hapana, kaeni mulivyo. Kisha nikageuka, nikaanza kuandika ubaoni.