Mombasa Niliyoisikia Kutoka Kiti cha Mlangoni

Kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kwenda Mombasa, na muda huo wote nilikuwa nangoja mtu wa kunipeleka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Kibwezi. Macho yangu yaliharibiwa na presha ya macho. Mwanga ulipungua kidogo kidogo hadi ukaisha wote. Tangu hapo kaka yangu Mutua ndiye anayenishika mkono kila ninapotoka nje ya mji wetu. Kila likizo aliniahidi kwamba tutakwenda kumtembelea Rukia, rafiki yangu wa chuo cha ualimu, ambaye siku hizi anauza leso Mtaa wa Biashara. Na kila likizo pakazuka jambo: mvua, ng'ombe kuzaa, pikipiki kuharibika. Agosti hii alipoanza kuniambia labda Disemba, nilimkatiza. Nikamwambia ninakwenda Jumatatu, peke yangu, na nitazunguka kwa mabasi kama watu wengine, kwa kuwa mshahara wangu hauwezi kukodi teksi ya kunitembeza mjini.

 Naye akatoa sharti lake: jambo lolote likinifika, atakuja kunichukua siku hiyohiyo, na habari za safari za peke yangu ziishe. Nilikubali upesi, kabla hajaongeza la pili.

Jumatatu asubuhi Mutua alinipandisha basi na kuniachia maagizo mengi kuliko mizigo. Basi liliondoka, na moyo wangu ukaanza kudunda kama wa mtoto anayepelekwa sherehe. Mtito Andei niliijua kwa wauza maji waliokuwa wakigonga madirisha. Voi niliijua kwa joto. Baada ya Mariakani hewa ilibadilika, ikawa nzito na yenye unyevunyevu, na nguo zikaanza kunishika mwilini. Jirani yangu wa kiti, karani wa bandarini aliyekuwa akirudi kazini kutoka kwao Makueni, alinigusa bega tulipofika Makupa. Akaniambia sasa tunaingia kisiwani. Nilishusha kioo na harufu ya chumvi ikanipiga usoni. Nilicheka peke yangu, naye akacheka kwa kuniona ninavyocheka.

Mwembe Tayari, alasiri, ndipo mtihani wa kwanza ulipoanza. Rukia alikuwa amenipa maelekezo kwa simu. Nisikubali mtu wa teksi anivute mkono. Niulize matatu za Feri. Nikae kiti cha mlangoni, karibu na kondakta. Nimtajie Marikiti, sokoni, ninapopanda, kisha nimkumbushe tena gari likianza kusimamasimama. Yeye angekuwa steji ananingoja. Karani yule alinivusha hadi kwenye matatu, tukaagana hapo.

Kondakta alikuwa kijana mwenye sauti ya kukwaruza. Bila shaka aliiona fimbo yangu nyeupe, akatafuta mtu nyuma yangu.

"Mama, uko na nani?"

"Niko na wewe, mpaka Marikiti."

Abiria walicheka, naye akacheka. Toka hapo alinitajia kila mahali tulipopita, hata ambapo hapakuwa na steji, mpaka dereva akamwambia anafanya kazi ya redio. Gari halikuwa limejaa, upepo ulikuwa ukiingia mlangoni, nami niliisikia Mombasa ikipita upande wangu wa kushoto: honi za tuktuk, adhana ya alasiri ikitoka misikiti miwili kwa kupokezana, cherehani, muuza juisi ya ukwaju akigonga bilauri kwa kijiko. Niliposhuka, mikono ya Rukia ilikuwa tayari imenikumbatia.

Kuze, wanakoishi akina Rukia, ni mtaa wa kutembea kwa miguu. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba sauti ya fimbo inagonga kuta na kurudi, na kwa kusikiliza tu nilijua mlango uko wapi na kona iko wapi. Watoto walikuwa wakisoma madrasani kwa sauti moja. Nyumbani kwao tulipokewa na mamake Rukia, Bi Shamsa, ambaye salamu zake zilikuwa ndefu na tamu; aliuliza hali yangu, ya kaka, ya ng'ombe, ya mvua za kwetu. Baada ya chai ya tangawizi alimgeukia binti yake. Nilimsikia akisema kwa upole, akidhani pengine masikio yangu nayo yamechoka:

"Na kesho yuwataka kupanda matatu tena? Mtu asiyeona?"

"Mama, muulize mwenyewe. Yuko hapo."

Nikamwambia ndiyo, Bi Shamsa, na keshokutwa pia. Akarudi kuvuta uradi kwa tasbihi yake.

Jumanne, baada ya mahamri na mbaazi, Rukia alimwachia mwenzake duka tukaenda kuzurura. Mbinu yetu ilikuwa rahisi. Tulingoja saa za watu kwenda kazini zipite, ili tupate viti na kondakta apate nafasi ya kuongea. Halafu tulipanda gari hadi mwisho wa njia, tukabaki ndani, tukageuka nalo. Kwa nauli ndogo tu mtu anapewa mji mzima. Kila njia ina wimbo wake. Makondakta wa Feri huukata kwa haraka, wa Tudor huuvuta, wa Bamburi na Mtwapa huyaunganisha majina yote kama jina la mtu mmoja. Nilianza kuyatambua magari kabla Rukia hajaniambia.

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni Daraja la Nyali. Tulikuwa tukienda, mara kelele za maduka zikakatika ghafla, na upepo ukaingia kutoka pande zote mbili. Chini yetu hapakuwa na kitu cha kurudisha sauti. Nilimshika Rukia mkono nikamuuliza kama tuko juu ya maji. Akasema ndiyo, na kwamba amevuka daraja lile maisha yake yote na hajawahi kulisikia. Tulipogeuka Bamburi alifumba macho mapema ili alisikie wakati wa kurudi.

Jumatano ilikuwa siku yangu ya peke yangu. Rukia alirudi dukani, nami nikapanga kwenda Tudor, nirudi mjini, kisha nishuke hadi Feri na kutembea mpaka Mama Ngina, ufukweni, nikazisikie meli zikiingia bandarini. Tudor ilikwenda vizuri mno. Kondakta aliniweka kiti cha mlangoni bila kuombwa, na mwisho wa njia dereva alizima injini tukapiga gumzo. Yeye ni mtu wa Bungoma, alikuja Mombasa kutafuta kazi ya reli akaangukia usukani. Alitaka kujua ninaota ndoto za namna gani. Nikamwambia naota kwa rangi. Nilirudi mjini nikijihisi nimekuwa mwenyeji.

Marikiti ndipo mambo yaliponiharibikia. Nilishuka, nikaanza kupita pembeni mwa soko kutafuta steji ya magari ya Feri. Harufu za bizari, iliki na maembe yaliyoiva zilinizunguka, na mahamali wa mikokoteni walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia kutoka kila upande. Nilisikia "pisha!" lakini sikujua inatokea wapi. Nikarudi nyuma. Fimbo ikabaki mbele. Gurudumu la mkokoteni lilipita juu yake na nilisikia ikivunjika vipande. Kilichobaki mkononi mwangu ni kipini tu.

Sikuumia. Lakini kwa asiyeona, kupoteza fimbo katikati ya soko ni kama ardhi kuondolewa. Hata hatua moja sikuweza kupiga. Mwenye mkokoteni aliacha mzigo wake akaja kunishika kiwiko.  Alijitaja kuwa Kahindi. Aliomba radhi mara nyingi, akasema alidhani nimemwona. Alikuwa tayari kupakua viazi vyake vyote anikalishe mkokotenini na kunipeleka hadi mlangoni kwa wenyeji wangu.

Na hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Mutua. Hakuna siku amewahi kupiga saa ile. Nilifikiria kutopokea, kisha nikapokea na kumwambia ukweli, kwamba mkokoteni umevunja fimbo yangu.

"Nakuja," akasema. Nilisikia kabisa anatafuta viatu.

"Usije, Mutua. Kilichovunjika ni fimbo. Mimi ni mzima."

"Sasa utatembeaje?"

"Ndiyo kwanza nafikiria hilo. Nitakupigia jioni."

Nilikata simu. Duka la Rukia lilikuwa mtaa wa pili tu. Ningeweza kumwita na angefika mara moja. Ningeketi kwenye robota la leso hadi jioni, nao wangenipa soda na pole, na safari yangu ingeishia hapo. Nilimuuliza Kahindi kama kuna duka la mafagio karibu. Alishangaa, lakini alinipeleka. Nilimwomba muuzaji mpini wa fagio usiokuwa na fagio. Nilijipima nao hadi kifuani, naye akaukata kwa msumeno na kuusugua ncha isinichome. Kahindi ndiye aliyelipa, hakutaka kusikia neno. Kisha akanipeleka hadi steji ya Feri, akamwambia kondakta anishushe mwisho wa njia na anielekeze Mama Ngina. Mpini ulikuwa mzito na sauti yake nene, lakini uliniambia ardhi iko wapi, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naihitaji.

Feri ilikuwa na watu wengi, ila sikupotea. Niliuliza njia kwa kila aliyenipita karibu. Mwingine alinionyesha kwa kidole, nikamwambia vidole havinisaidii, akacheka akanielekeza kwa maneno. Nilipofika Mama Ngina nilikaa penye mama aliyekuwa akikaanga mihogo, akanifungia kwa ndimu na pilipili. Nikamwomba aniambie meli ikija.

Haikuhitajika aniambie. Honi ya meli ililia nikaihisi kifuani na kwenye meno. Baadaye ukaja mngurumo wa injini, wa chinichini, ukipita mbele yetu karibu ajabu.

"Ni kubwa kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kubwa, mama. Anza kula mihogo hiyo sasa. Utaimaliza na meli haijapita yote."

Nilikula polepole, nikaimaliza, na meli ilikuwa bado inapita. Machozi yalinitoka, nikaisingizia pilipili.

Jioni Kuze, nilimpigia Mutua kama nilivyoahidi, nikamsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuzungumzia sharti lake. Aliuliza tu kama meli ilikuwa inakwenda au inakuja. Bi Shamsa naye alikuwa ameketi kando, tasbihi imeacha kulia mkononi. Nilipokata simu alisema kwamba miaka mingi imepita tangu alipokwenda Mama Ngina. Alipoanza kuumwa magoti aliogopa kudondoka kwenye ngazi ya matatu mbele za watu, na wanawe wana shughuli zao.

"Kesho kabla hujaondoka," akasema, "nipeleke."

Alhamisi asubuhi, basi, nilimpeleka mama wa watu. Nilimkalisha kiti cha mlangoni, nikamwambia kondakta asiondoe gari mpaka mama awe ameketi na buibui lake limeingia ndani lote. Njiani alinisimulia anachokiona: duka hili lilikuwa la fulani, jengo lile limepakwa rangi mbaya. Mimi nilimwambia tumefika wapi. Tulikula mihogo. Alirudi nyumbani akiwa na sauti ya msichana, na Rukia alipotoka dukani kuja kuniaga aliulizwa na mamake matatu za Bamburi hupita wapi.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na nilisinzia. Nilipozinduka karibu na Mtito Andei nilijiuliza nimejifunza nini cha kuwaambia wanafunzi wangu. Nimejifunza kwamba mji mkubwa unaingilika kwa yeyote asiyeona haya kuuliza, na kwamba makondakta, pamoja na kelele zao zote, hupenda mtu akiwakabidhi safari yake. Nimejifunza pia kwamba kusaidiwa ni kitu kimoja na kubebwa ni kitu kingine, na ni mimi mwenyewe ninayepaswa kusema nataka kipi. Kama nawe mfuko wako ni mwepesi na unaogopa Mombasa, kaa karibu na mlango, taja unakokwenda, sikiliza.

Kibwezi tulifika jua likiwa limelegea. Sikuwa nimemwambia Mutua nitarudi na basi gani. Nilichukua bodaboda hadi nyumbani, nikaingia uani nikigonga mpini wangu. Alikuwa anakamua, nilisikia maziwa yakiacha kudondoka ndooni.

"Nani amekuleta?" akauliza.

"Basi," nikamjibu.

Alingoja nimtaje mtu. Nilipogonga mpini na kuendelea mbele, alicheka, akarudi kwa ng'ombe wake, na kwa mara ya kwanza aliniacha niutafute mlango mwenyewe.