Mkasi na Ukurasa wa Dobi

Kwenye chumba cha habari walimwita Mkasi, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kupunguza habari za wenzake zienee ukurasani, na nafasi ya gazeti haibembelezwi ikaongezeka. Mwandishi alileta habari ndefu kama foleni ya hospitali. Mkasi alivaa miwani, akaguna, na punde ikabaki mifupa mitupu, ila mifupa inayosimama. Vijana walinung'unika chini chini. Asubuhi wakiisoma, walikiri kimoyomoyo kwamba imependeza kuliko walivyoileta.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa mtu wa hadithi zisizojua kituo, na kila mara mkewe alimwomba aruke hadi mwisho. Fundi alicheka tu, akarudi mwanzo.

Mvi zilipoanza kumchungulia, Mkasi akajiandikisha shahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Wenzake wakamwambia samaki anakwenda kufundishwa kuogelea. Akawaacha waseme. Alikuwa na swali lake, na ndilo alilolifanyia tasnifu: katika habari tunazozikata, huwa tunamkata nani?

Maana waandishi hufundishwa kuweka zito juu na jepesi chini, na nafasi ikibana, panapokatwa ni chini. Akatafuta habari kama zilivyoandikwa na wenyewe, akazilinganisha na zilizochapwa. Jibu likajitokeza lenyewe. Juu walikaa mgeni rasmi, gharama za mradi na upana wa barabara mpya. Chini walikaa watu. Katika habari moja alikuwapo mama dobi aliyeondolewa pale barabara ilipopanuliwa. Aya yake ilikatwa, na mahali pake likawekwa tangazo la sabuni.

Mkasi akawatafuta watu wale mmoja mmoja, akawarekodi, akaandika. Kisha akapeleka kazi kwa profesa aliyemsimamia, akingoja sifa.

Profesa alifunua kurasa taratibu. Zilikuwa safi, fupi, zimenyooka.

"Mama, hawa watu wako wapi?" akauliza. "Mimi naona majedwali na asilimia."

"Wamo humo ndani, profesa. Nimewafupisha."

"Umewakata mara ya pili."

Akasema hatamruhusu kwenda mbele ya jopo mpaka watu warudi. Na jopo lilikaa mwezi ule tu. Likimpita, angengoja mwaka mzima.

Mkasi alirudi nyumbani amevimba kama hamira. Mumewe aliposikia kisa, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kwa hiyo leo Mkasi naye kakatwa?" Lakini tangu siku hiyo, akitoka karakana alinawa mikono, akashika simu yenye sauti zile, akawa anasimamisha na kurudisha huku mkewe akiandika. Kila mkewe alipotaka kuruka maneno, fundi alirudisha nyuma. Walipofika kwa dobi, fundi aliongeza sauti.

"Walikuja nguo za watu zikiwa kambani," sauti ilisema. "Kibanda sikukililia. Nililia gauni la bibi harusi lililokanyagwa na katapila, maana wa kumjibu yule binti ni mimi, si serikali."

Profesa akasoma upya, akatia sahihi.

Siku ya jopo, mtahini mmoja mwenye tai alimsifu sana. Kisha akashauri maelezo ya dobi, yaliyojaza ukurasa mzima, yawe mistari miwili.

"Nasikia huko kazini wewe ndiye bingwa wa kufupisha," akasema, na jopo likacheka.

Mkasi naye alicheka. Kwa mazoea mkono ukashika kalamu, na jicho lilikwisha kuona pa kupita, maana dobi alijirudia kweli. Akaiweka kalamu chini.

"Huyu tumeshamkata mara mbili, mwalimu. Safari hii atabaki alivyo. Kama kuna cha kupunguza, nipunguzieni alama."

Wakampunguzia. Alifaulu, ila daraja la juu likampita pembeni. Mumewe, aliyengoja nje na shati la pasi, aliuliza kama wamekula hasara. Akajibiwa hapana, na safari hii jibu fupi lilimtosha.

Chuo humpa mtu cheti, lakini hakimpi mtu moyo wa kukaidi pale penye haki ya mnyonge. Huo Mkasi aliutoa kwake mwenyewe, na gazeti lolote linalotaka kuitwa la wananchi lingefaa kuutafuta kabla ya kutafuta matangazo.

Jumamosi akaenda na nakala yake kwa dobi, ambaye sasa alifulia nyuma ya gereji. Akamsomea ukurasa wote. Dobi alisikiliza huku akisuuza, wala hakutoa machozi kama Mkasi alivyotarajia.

"Ni maneno yangu kabisa," akasema. "Sasa na fundi viatu? Yeye alivunjiwa kabla yangu. Mbona hayumo?"

Mkasi alikuwa amekwisha kujihesabu mhitimu. Akafunga kitabu.

"Anapatikana wapi siku hizi?"

"Si mbali. Nikimaliza hizi nitakupeleka, dada yangu."

Mkasi akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akashika upande wa pili wa shuka, wakaanza kulikamua.