Kona Iliyopitishwa kwenye Majivu

Baba alifanya kazi ya reli Nairobi hadi akastaafu, kisha akarudi Kibugu, mahali ambapo treni haijawahi kupita. Hapo akajijengea yake, treni ndogo ya umeme juu ya meza ya plaiwudi iliyojaza sebule yote. Ilibaki kona moja tu mzunguko ukamilike, na wazee wa rika lake walikuwa wamealikwa Jumapili baada ya ibada. Walikuwa wakimcheka kwamba amezeekea kuchezea vitu vya watoto. Alitaka waione ikizunguka, wanyamaze.

Mimi ni mwalimu wa fizikia Embu mjini, na reli hizo nilimnunulia mimi. Ni za kupinda: vyuma viwili vyembamba vinavyoshikwa na mataruma ya plastiki, vile vipande vinavyolala chini yake kwa kukingama. Ukizikunja, chuma cha ndani huchomoza kwenye ncha, kwa sababu njia yake ni fupi. Unakata kilichozidi, unapiga tupa, unaunga. Nilianza kumweleza.

"Wewe ulifanya railway lini?" akaniuliza. "Hiyo physics yako pelekea watoto. Mimi nilikuwa nakunja bakora kabla uzaliwe."

Nikaacha kueleza. Huyu ndiye aliyenichapa kwa sababu mstari wa mahindi niliopanda ulipinda, akanifanya niufukue wote na kuanza upya, mvua ikininyeshea. Sikio la kufa halisikii dawa, nami dawa yangu sikutaka kuipoteza.

Akaipeleka reli jikoni, akaipitisha polepole juu ya majivu ya moto, jinsi wazee wetu wanavyolainisha mti mbichi wa fimbo kabla ya kuupinda. Nilijua plastiki ingefanya nini. Nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai, nikamtazama. Mataruma yakalegea na kunuka, vyuma vikakaribiana. Aliponigeukia vidole vyake vilikuwa vimeungua, naye anatabasamu. Nilifurahi. Sitajisafisha hapa, nilifurahi sana.

"Imepinda vizuri, Baba," nikasema.

Jumapili wazee watano waliketi kuizunguka meza. Treni ilitoka vizuri, ikafika kwenye kona, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena. Mara ya tatu mzee mmoja akacheka, wenzake wakafuata.

Baba akaninyooshea kidole. "Ni huyu alikunja. Nilimwambia hii si kazi ya wanawake."

Ningeweza kukanusha tu. Badala yake nilitoa kwenye mkoba kipande cha akiba ambacho sikuwahi kumwonyesha. Nikakikunja kwa vidole mbele yao, kidogo kidogo, nikakata chuma kilichochomoza, nikaking'oa cha baba na kuunga changu. Nikaiwasha treni. Ikazunguka mara mbili bila kutikisika, wazee wakapiga makofi.

"Kumbe fundi ni huyu msichana," mmoja akamwambia baba. "Sasa wewe huko railway ulikuwa unafagia?"

Nilizima treni, nikamwekea baba swichi mkononi. Ni ile ya kuzungusha, ndogo, na malengelenge hayakumruhusu kuishika. Alijaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto. Wazee wote walikuwa wakimtazama. Kisha akainamisha kichwa kuelekea kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Nisaidie, mami."

Hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Nikamjibu kwamba nimechelewa, nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, nikawaaga wazee mmoja mmoja kwa mkono.