Toleo Lililomtangulia Mgeni Rasmi

Juzi nilikuwa nasubiri muhuri kwenye ofisi moja hapa Dodoma. Dada mmoja, kompyuta mapajani, akatangaza kwamba toleo jipya la programu yake huria ya kupanga zamu za kumwagilia mizabibu limeshaingia mtandaoni. Lile la zamani lilikuwa likiwapa watu wawili zamu moja.

Mwandaaji wa sherehe ya kulizindua toleo hilo, mkasi na utepe mkononi, akaganda. "Limetoka? Na mgeni rasmi hajafika?"

"Wakulima wameshalipakua, kaka."

"Waandikie walirudishe! Watapewa tena saa nane, kwa makofi."

Simlaumu. Mjini kwetu hata choo hakifunguliwi bila utepe.

Dada akaandika kweli. Jibu la kwanza, kutoka kwa mkulima wa Makutupora, akalisoma kwa sauti: "Programu nimerudisha. Je, na maji niliyokwisha kumwagilia niyarudishe kisimani?"